Kisunzi cha Kuinuka na Kidonge cha Marehemu

Alhamisi. Siku ya sabini na moja ya eda yangu. Mawingu tangu asubuhi, mvua bado haijaamua.

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mtu akiinuka kitandani akaona giza, basi presha yake imepanda. Humlaza tena, humkataza chumvi, na kama ndani mna kidonge cha presha, kiwe chake au cha mtu mwingine, humpa akimeze. Mara nyingi mambo yako kinyume kabisa. Presha imeshuka, na kile kidonge kinaisukuma chini zaidi.

Hilo nalijua. Nilifundisha biolojia miaka thelathini na moja, na baadhi yenu mnaosoma ukurasa wangu huu mlikaa mbele yangu mkichora moyo wenye vyumba vinne, nyekundu upande huu, buluu upande ule.

Nilimeza hata hivyo.

Leo nitaandika kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu nikingoja kuandika kwa hisia sitapata cha kuandika. Wanaokuja kunipa pole huniambia nina subira. Siyo subira. Subira ni kazi, mtu huifanya. Mimi sifanyi kitu. Niko kama mguu uliokufa ganzi: upo, unauona, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine.

Nianze na dawa.

Mume wangu, Baba Rukia, aliishi na presha miaka kumi na moja. Mimi yangu iligunduliwa baadaye. Dawa zetu hazikuwa aina moja. Yake ilikuwa nyeupe, kubwa; yangu ndogo, ya manjano. Zote zilikaa kwenye kopo moja la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, na kila asubuhi kabla ya chai mimi ndiye niliyezitoa. Yake kwanza. Hakuweza kumeza kidonge kwa maji matupu, mtu mzima yule. Alitaka kipande cha mkate wa boflo, atafune, kidonge akifiche katikati ya tonge kama anayemdanganya mtoto, kisha ashushie na chai. Halafu alikuwa akinitazama kama amefanya kazi kubwa.

Alipofariki, nguo zake zilitolewa sadaka baada ya arobaini. Fimbo alichukua mpwa wake. Saa ilikwenda kwa Rukia, binti yetu aliye Mwanza. Kofia zake mbili nzuri, wifi yangu alizifua, akazipiga pasi, akazipeleka kwa imamu apate wa kumpa. Kila kitu kiliulizwa ni cha nani sasa. Dawa hakuna aliyeziuliza. Kopo lilibaki pale pale juu ya kabati.

Asubuhi ya kwanza baada ya matanga, mkono wangu ulikwenda kwenye kopo ukatoa vidonge viwili. Nilikitazama cha kwake, nikakirudisha. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Sikuwa nimesahau kwamba amekufa. Mkono ndio haukuwa umeambiwa.

Sasa niwaeleze habari ya kulala, maana ndiyo nusu ya ugonjwa wenyewe.

Kwetu hapa mwanamke aliye edani haachwi peke yake, na hapewi kazi. Wifi yangu Mwanakombo, dada yake marehemu, alifunga nyumba yake Muheza akaja kukaa nami miezi minne na siku kumi. Ni mtu mwema. Hupika, hupokea wageni, huchunga nisitoke nje ya mlango, nisitie manukato, nisivae cha kung'aa. Nikishika ufagio hunyang'anywa. Nikisimama jikoni huulizwa nimekosa nini. "Wifi, hebu lala," ndiyo sentensi niliyoisikia zaidi mwaka huu. Nami nililala. Sikuwa na sababu ya kubishana. Nililala baada ya chai, nikalala baada ya chakula cha mchana, na wageni walinikuta kwenye mkeka nimeegemea mto, wakasema sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Na kwa kuwa choo kiko uani, na kuinuka kulikuwa kazi, nilianza kupunguza maji ili nisiinuke mara kwa mara. Kikombe asubuhi, kikombe jioni.

Sitamlaumu mtu kwa hilo. Maji niliyaacha mwenyewe.

Kisunzi kilianza baada ya arobaini. Kizunguzungu ni neno moja lakini mambo mawili hujificha ndani yake. Kuna kile ambacho chumba chenyewe huzunguka, kuta zinakwenda, hata ukiwa umelala. Hicho mara nyingi hutoka ndani ya sikio. Na kuna hiki cha kwangu: nikiwa nimelala sina neno, nikikaa sina neno sana, nikisimama kichwa kinakuwa chepesi, masikio yanavuma, macho yanaingia giza kuanzia pembeni, kisha baada ya sekunde tano au sita giza linaondoka.

Darasani nililieleza kwa ule mfuko wa plastiki mwembamba mrefu, wa barafu za ukwaju ambazo watoto hununua mlangoni mwa shule. Jaza maji, funga, laza mezani. Maji yametandaa sawasawa. Sasa ushike ncha moja, usimamishe. Chini umevimba, juu umenywea. Mwili ni hivyo hivyo. Ukisimama, damu nyingi inashuka miguuni na tumboni, na kichwa kinataka yake. Kwa hiyo mishipa ya miguu hujikaza upesi na moyo huongeza kasi, na kazi hiyo hufanyika kabla hujajua kwamba imefanyika. Ukiwa mzee, kazi hiyo huchelewa. Ukilala siku nyingi, mishipa na misuli husahau wajibu. Ukinywa maji kidogo, mfuko haujai. Ukimeza dawa ya presha, mishipa imeambiwa ilegee. Ukimeza mbili, imeambiwa mara mbili.

Niliyajua yote haya nikiwa nimeshika ukingo wa kitanda nangoja giza lipite.

Siku moja Mwanakombo aliniona nikiwa nimeshika hivyo.

"Presha hiyo, wifi. Imekupanda."

Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Alirudi na kidonge cheupe kiganjani, na glasi ya maji mkono wa pili.

"Hii ndiyo iliyompa kaka yangu miaka kumi na moja," akasema. "Meza."

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kumwambia kwamba dawa ya mtu ni kama miwani ya mtu. Nilikitazama kidonge na sikusikia ndani yangu sababu ya kusema chochote, ila jambo moja dogo. Nilimwambia anipe kipande cha boflo.

Tangu siku ile nilimeza viwili kila asubuhi. Changu kwa maji. Cha kwake kwa boflo na chai, kilichofichwa katikati ya tonge.

Sikutaka kufa. Nataka hilo lieleweke, hasa kwa Rukia ambaye husoma humu kabla hajanipigia simu. Sikutaka kitu chochote, na kufa ni kitu. Lakini asubuhi, kwa muda wa kutafuna kipande kile cha mkate, nilikuwa bado ninampa mume wangu dawa yake. Baada ya hapo siku ilikuwa ndefu na haina umbo.

Jumatatu nilianguka.

Ilikuwa adhana ya alasiri. Nilikuwa nimelala tangu nilipokula. Niliinuka ghafla, nikatoka uani kuchukua udhu, na giza halikungoja. Nakumbuka nikiona mdomo wa pipa la maji ukija upande wangu, nikafikiri bila haraka kwamba utanigonga. Ulinigonga begani. Nilipofumbua macho nilikuwa chini kwenye saruji, na Mwanakombo anasoma dua huku ananitia maji usoni. Hakuna kilichovunjika. Sikulia wala sikuogopa. Nilikuwa natazama kamba ya nguo.

Ila nilifahamu hesabu yake. Kichwa kilikosa ukingo wa saruji kwa shubiri moja. Mwanamke wa umri wangu akivunjika nyonga, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Na jioni ile Mwanakombo alikata shauri kwa huruma zake zote: nisisimame tena. Nitaletewa beseni la udhu, nitaswali nimekaa, na ndoo ya haja itawekwa nyuma ya pazia. Kuanzia kesho yake angeniongezea kidonge kingine cha mchana, kwa kuwa kimoja kimeshindwa.

Hapo ndipo nilipouona mwisho wa jambo lenyewe. Eda ingekwisha nami nisiweze kutoka kwa miguu yangu.

Nililiona, nikanyamaza. Nalisema hapa kwa sababu sijalisema kwa mdomo.

Aliyenitoa hapo ni Mama Neema, jirani yetu wa nyuma hapa Makorora, Tanga, nesi mstaafu, Msambaa wa Lushoto na Mlutheri wa kuimba kwaya. Yeye na wifi yangu ni watani, Mbondei na Msambaa, hawakai dakika tano bila kurushiana. Jumanne asubuhi alisikia habari za kuanguka akaja na mashine yake ya presha kwenye mfuko wa khanga.

"Nani kamlaza huyu?"

"Mimi," Mwanakombo akasema. "Kwenu mlimani wagonjwa hulazwa juu ya miti?"

"Kwetu mlimani hulazwa mgonjwa. Ninyi Wabondei mnamlaza mzima mpaka awe mgonjwa."

Alinipima nikiwa vile vile nimelala. Mia na ishirini na sita kwa sabini na nne.

"Si unaona," Mwanakombo akasema. "Imekaa sawa kwa sababu amelala."

"Umesema kweli, na hujui umesema nini. Mwalimu, simama. Taratibu, nishike."

Nilisimama. Alingoja dakika, akapima. Alingoja tena, akapima tena. Tisini kwa hamsini na nane. Masikio yangu yalikuwa yanavuma na uso wake ulikuwa mbali kidogo.

Mama Neema hakufanya mzaha tena. Alinikalisha.

"Umewafundisha watoto wa Tanga nzima damu inavyokwenda," akasema. "Ya kwako nani anaifundisha?" Kisha, kwa sauti ya kazini: "Unameza nini?"

Mwanakombo alileta kopo. Mama Neema aliviangalia vidonge, cheupe na cha manjano, akasema twende zahanati sasa hivi.

"Yumo edani," Mwanakombo akasema. "Hatoki."

"Akianguka tena atatoka. Atatoka amebebwa na watu wanne."

Nilitegemea ugomvi. Mwanakombo alijifunga khanga yake upya, akawaza, na aliposema alisema kama kadhi.

"Kwa matibabu, mchana, anatoka. Akimaliza anarudi kulala kwake. Hilo halina ubishi." Akaenda kunitafutia buibui kuukuu lisilo na nakshi, na ndiye aliyetoka kusimamisha bajaji.

Zahanati tulikuta tabibu kijana, mpole, mwenye haraka ya watu walio kwenye benchi nje. Alirudia vipimo, nimelala na nimesimama, akapata yale yale. Akaweka kwenye kisahani vidonge viwili tulivyokwenda navyo, kimoja cha kila aina; kopo tulikuwa tumeliacha nyumbani.

"Hiki cha manjano ni chako, kimeandikwa kwenye cheti chako. Hiki cheupe ni cha nani?"

Mwanakombo alikuwa anatazama kucha zake.

"Cha mume wangu," nikasema.

"Sasa yeye anameza nini, kama unameza vyake?"

"Yeye hamezi tena."

Kijana alitazama nguo zangu, akaelewa. Aliweka kalamu chini. Alisema pole, kisha akasema mambo yake bila kunikaripia, na ni heri angenikaripia. Cheupe nisikiguse kuanzia leo. Changu cha manjano niendelee nacho, nisikiache kwa kichwa changu, na nirudi baada ya wiki apime tena aone kama nacho kipunguzwe. Maji ninywe, mchana hasa. Nisilale mchana kutwa. Nitembee humo humo ndani, ukumbini hadi uani, eda haikatazi kutembea. Na vilivyobaki vya marehemu virudishwe pale, visikae nyumbani.

Nyumbani Mwanakombo alipika, akapakua, akakaa mbele ya sahani yake bila kuigusa.

"Ningekuua, wifi," akasema. "Kwa mkono wangu, na nikasema bismillahi."

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumwambia hakujua, Mungu anajua nia yake, na angekubali, na lawama ingebaki kwake ikiwa imefunikwa vizuri. Nilimwambia lililo kweli.

"Mimi nilikuwa najua, Mwanakombo. Toka siku ya kwanza. Nilikimeza najua."

Alisukuma sahani pembeni. Yeye alimpoteza kaka, mimi mume, na tulikuwa tumekaa siku sitini na tisa kwenye nyumba moja bila kuzungumza habari zake, tunazungumza chumvi na presha.

"Kwa nini?"

Nilimweleza habari ya mkono. Nilimweleza habari ya boflo. Ni mambo madogo, hayakuchukua hata dakika mbili. Alipoyasikia alilia sana, akalia na kwa niaba yangu nadhani, maana mimi macho yalikuwa makavu. Alinishika goti. Nilihisi uzito wa mkono wake, joto lake pia. Hilo nalo naliandika kama kipimo, kwa kuwa ni la kweli.

Jana ilikuwa asubuhi ya kwanza bila cheupe. Leo ya pili.

Nieleze sasa ninavyoinuka, mwenye mzee ndani aige. Kabla ya kuinuka nakunywa glasi ya maji nikiwa nimeegemea mto. Nainua na kushusha vidole vya miguu mara kumi, kumi na tano, hadi misuli ya nyuma ya mguu ipate habari. Nakaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini, na sisimami mpaka nimemaliza Fatiha mara tatu kwa utulivu. Kisha nasimama nimeshika kitu, nakaa pale pale kidogo, ndipo nakwenda. Giza likija, nakaa tena, sishindani nalo. Na mtu akizirai, au kifua kikauma, au ulimi ukawa mzito, hayo hayangoji Fatiha; ni hospitali moja kwa moja.

Jana giza lilikuja kidogo. Leo halikuja.

Lakini mkono uliendelea. Asubuhi hii ulikwenda kwenye kopo ukatoa viwili. Changu nilikimeza kwa maji. Nilikaa mezani na kile cheupe kiganjani, na boflo lilikuwa limeshakatwa. Mwanakombo alikuwa mlangoni. Hakusema lala, hakusema meza, hakusema usimeze. Alingoja.

Nilimwita Mama Neema kupitia dirisha la nyuma, kwa kuwa leo alikuwa anakwenda upande wa zahanati.

"Nipe nipeleke," akasema. "Au wifi yako alete, nitakuja kuchukua mlangoni."

Nilisema nitaleta mwenyewe, mpaka mlangoni ninaporuhusiwa. Nilivichagua koponi vile vyeupe, vyote, nikavitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na kile cha kiganjani. Nilitamani niseme kwamba nilipata uchungu. Sikupata. Vilitoa sauti ndogo ya kugongana, basi. Nilifunga bahasha, nikakaa kwenye kiti nikahesabu, nikasimama.

Chumba kilibaki mahali pake.

Nilitembea hadi mlangoni bila kushika ukuta. Mama Neema aliipokea bahasha kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa rambirambi, akaitia kwenye pochi, akamwuliza Mwanakombo leo Mbondei kapika nini maana harufu imefika Lushoto. Mwanakombo akamjibu. Mimi nilirudi mezani, nikakila kile kipande cha boflo kikiwa kitupu. Kilikuwa mkate tu, umekauka kidogo pembeni. Nilikitafuna mpaka kikaisha.

Sijui ganzi hii itaondoka lini. Mguu uliokufa ganzi huanza kwa kuchomachoma, na mimi bado sichomwi. Ninachokijua ni kwamba eda itakapokwisha nataka niwe nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, na hicho ni kitu cha kwanza kukitaka tangu alipofariki.

Wewe unayesoma, leo hii fungua mnapoweka dawa, toa zote za mtu ambaye hazihitaji tena, uzipeleke zahanati.